Je, Wajua? Wanawake wa Tanzia za Kiingereza

Je, wajua kwamba Desdemona wa kwanza, mke wa Othello wa Shakespeare, alikuwa mvulana? Juliet wa Romeo vilevile, Ophelia wa Hamlet vilevile. Zama za Shakespeare kumbi za London hazikupandisha wanawake jukwaani. Vijana wa kiume wenye sauti nyororo ndio waliovaa magauni. Mambo yaligeuka tarehe 8 Disemba 1660, mwanamke alipomcheza Desdemona mbele ya watu waliolipa kiingilio. Jina lake? Wanahistoria wangali wakibishana.

Umri wa Juliet waujua? Miaka 13. Zimebaki wiki mbili na siku kidogo atimize 14. Shakespeare ndiye aliyempunguzia: katika shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, alikoitoa hadithi, binti anakaribia 16. Msichana wa umri huo hapa Buxton, Mombasa, yuko sekondari ya chini, begi mgongoni, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka atimize 18 kwanza. Baba yake Juliet, anayetaka kumwoza, angeitwa kwa chifu mapema asubuhi.

Na wajua kwamba Juliet ni rika moja na Fort Jesus? Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593. Tamthilia iliandikwa karibu na 1595.

Tukiwa hapo ngomeni: Mombasa ina tanzia yake, tena ya kweli. Yusuf bin Hassan alilelewa Goa na mapadri wa Kireno, akabatizwa Dom Jerónimo, akaletwa kuutawala mji huu. Mkewe aliitwa Isabel Varela. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni, akamuua kapteni kwa mkono wake mwenyewe, akarudi kwenye Uislamu. Dini mbili ndani ya mtu mmoja, mke wa Kikristo, jambia: kama Othello, iliyokuwa imeandikwa zaidi ya miaka 25 kabla. Vitabu vya historia vinamweleza Yusuf kurasa kwa kurasa. Isabel hupita kama mgeni wa njiani. Mimi ningelipa kiingilio niione siku ile kwa macho yake yeye.

Je, wajua mke wa Macbeth anaitwa nani? Tafuta tamthilia nzima, hutalipata. Yeye ni mke wa fulani tu. Malkia wa kweli wa Uskoti, aliyeolewa na Macbeth wa historia, aliitwa Gruoch, na mwanawe Lulach alikalia kiti baada ya Macbeth. Waswahili walikutana na bibi huyu mwaka 1968 katika Makbeth ya S. S. Mushi. Wachawi wa humo, kwa taarifa yako, wana ndevu. Banquo, mwenzake Macbeth, anashindwa kuamua kama ni wanawake.

Hata The Duchess of Malfi ya John Webster, tanzia iliyopewa cheo cha mwanamke, haimpi jina. Ni mjane aliyeolewa kwa siri na msimamizi wa nyumba yake. Kaka zake wakaagiza anyongwe. Kosa lake ni kujichagulia mume.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na zote mbili zina Portia? Wa Juliasi Kaizari, tafsiri iliyotoka mara ya kwanza 1963, anajikata paja ili mumewe Brutus aamini kwamba mwanamke aweza kutunza siri. Wa Mabepari wa Venisi, 1969, anavaa kiume na kuwashinda wanaume mahakamani. Wa kwanza yumo katika tanzia, anakufa. Wa pili yumo katika futuhi, anarudi nyumbani akicheka.

Cordelia, binti wa Mfalme Lear anayekufa katika tamthilia ya Shakespeare, naye alifufuliwa. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya King Lear, akamwachia binti uhai na kumwoza kwa Edgar. Watazamaji wa Uingereza waliipenda, na mwisho wa Shakespeare ulikaa pembeni kwa zaidi ya karne moja.

Wanawake wenyewe hawakuandika? Waliandika. Mwaka 1613 Elizabeth Cary alichapisha The Tragedy of Mariam, juu ya mke wa Mfalme Herode. Jaladani jina lake lilikuwa herufi mbili tu: E. C. Mwaka 1807 Mary Lamb na kaka yake Charles walisimulia upya tamthilia za Shakespeare kwa watoto. Jaladani likatokea jina la kaka peke yake. Ni kutoka kitabu hichohicho mmishonari Edward Steere alikochota Hadithi za Kiingereza, zilizochapwa Unguja mwaka 1867.

La mwisho ni Emilia wa Othello, mke wa Iago, adui wa Othello. Yeye ndiye anayeokota kile kitambaa cha mkono cha Desdemona kilichozua balaa, na ndiye anayesimama mwishoni kumfichua mumewe, jambo linalomgharimu maisha. Kabla ya hapo, akiwa faragha na Desdemona, anasema wake wakipotoka lawama ni ya waume, kwa kuwa mwanamke ana hisia na matamanio sawa na mwanamume. Chapa ya kwanza ya Othello, ya mwaka 1622, haina maneno hayo. Yalionekana katika ile ya 1623.

Basi binti, shuleni kwenu wakigawa nafasi za mchezo wa kuigiza na wenzako wakamgombania Desdemona, waachie. Omba Emilia, tena uhakikishe hotuba yake haikukatwa.