Herufi moja yaweza kumpotosha mnunuzi wa runinga

Hivi majuzi mpwa wangu alinijia na ombi lililonichekesha kwanza, kisha likanifanya nifikiri. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka miwili ili afungue chumba cha michezo ya video mtaani kwao, vile vyumba ambamo vijana hukaa kwenye benchi wakilipia mchezo mmoja mmoja. "Mjomba," aliniambia, "mashine za kuchezea nazijua, lakini maneno yaliyoandikwa kwenye makasha ya runinga yananishinda. Wewe ni mtu wa lugha. Twende ukanisomee." Nilidhani anafanya mzaha. Tulipoingia katika duka la kwanza niling'amua kwamba hakukosea, maana tatizo la mnunuzi wa runinga siku hizi ni la maana za maneno kabla halijawa la umeme.

Najua walimu wenzangu wengi hawavipendi vyumba hivyo, na lawama zao si za bure. Nimewahi kuona sare za shule humo saa nne za asubuhi. Hilo ni suala la siku nyingine. Lililokuwa mbele yetu ni akiba ya kijana ambayo ingeweza kuteketea kwa siku moja kwa sababu ya herufi moja.

Muuzaji alitusimamisha mbele ya runinga tatu akazitaja kama mtu anayepanda ngazi: hii ni LED, hii ni QLED, na ile ya bei kali ni OLED. Kwa maelezo yake hizo ni daraja tatu za kitu kimoja. Sivyo hata kidogo. Mbili za kwanza ni ndugu wa tumbo moja, na ya tatu ni ya ukoo mwingine kabisa.

Runinga iitwayo LED kwa hakika ni LCD, yaani kiwambo cha fuwele kimiminika. Fuwele za namna hiyo ziligunduliwa mwaka wa 1888 na mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, alipokuwa akichunguza kemikali iliyotolewa kwenye karoti. Zenyewe hazitoi mwanga. Kazi yake ni kama ya bawabu: umeme ukizifikia hujigeuza, zikaruhusu au zikazuia mwanga wa taa zilizo nyuma yake. Zamani taa hizo zilikuwa za mirija. Baadaye ziliwekwa taa ndogondogo za LED mahali pake, na papo hapo wauzaji wakaibadilishia runinga nzima jina. Ni sawa na kuiita nyumba kibatari kwa kuwa ndani yake mnawaka kibatari.

QLED ni LCD ile ile iliyoongezewa tabaka la vitone vidogo mno, vitone vya kwantamu, ambavyo huzifanya rangi ziwe safi na zenye kung'aa zaidi. Sivibezi vitone hivyo. Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2023 kwa kuvigundua na kuvitengeneza. Hata hivyo taa bado ziko nyuma na bawabu bado yuko mlangoni. Ndiyo sababu weusi wa usiku katika runinga hizi aghalabu huwa wa kijivujivu: bawabu hawezi kufunga mlango kabisa, na mwanga huvuja.

OLED haina taa za nyuma. Kila pikseli, na katika runinga ya 4K kuna zaidi ya milioni 8, ni taa inayojitegemea iliyotengenezwa kwa kemikali zenye kaboni. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza namna ya kuitengeneza taa ya aina hiyo mwaka wa 1987, na kufikia mwaka wa 2013 kampuni ya LG ilikuwa ikiuza runinga za inchi 55 zilizoundwa kwa njia hiyo. Pikseli inayotakiwa kuwa nyeusi huzimwa tu. Hapo weusi ni weusi.

Katika isimu tunawafundisha wanafunzi jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja, kama vile paka na taka. Nadhani sijawahi kupata mfano bora kuliko QLED na OLED, ambapo Q si chochote ila O iliyoota mkia. Samsung ilianza kulitumia jina la QLED kwa runinga zake mwaka wa 2017. Mwaka wa 2019 LG ikapeleka malalamiko kwa tume inayosimamia haki katika biashara nchini Korea Kusini, ikidai kuwa jina hilo linawapotosha wanunuzi kwa sababu kilichomo ndani ni LCD. Samsung nayo ikalalamika dhidi ya matangazo ya LG. Mwaka wa 2020 malalamiko hayo yaliondolewa na mambo yakaishia hapo. Majina yamebaki, na muuzaji wetu hakuwa na habari.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2017, alipounda neno tarakilishi aliunganisha tarakimu na akili ili anayelisikia apate fununu ya kazi ya chombo chenyewe. Hata kiwambo, neno la kale, latuonyesha kitendo cha kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Majina ya makasha ya runinga yameundwa kwa nia iliyo kinyume na hiyo.

Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari, yote haya yaweza kuwa suala la ladha tu. Mchezaji ana jambo la ziada, nalo ni wakati. Abonyezapo kitufe ili mchezaji wake apige mpira, ni muda gani hupita kabla ya mguu kuonekana ukisogea kwenye kiwambo? Wakongwe watakumbuka mchezo wa Nintendo wa kuwapiga bata kwa bastola ya plastiki, uliotoka mwaka wa 1984. Bastola ile haikufyatua chochote. Ilikuwa na jicho la kupokea mwanga. Ulipovuta kifyatulio, picha ilikuwa nyeusi kwa kitambo kidogo mno, kisha mraba mweupe ukatokea pale alipo bata, na jicho likauangalia wakati ule ule. Katika runinga za chupa, ambazo zilichora picha kwa miale ya elektroni, mwanga ulitokea bila kukawia. Ukiiunganisha mashine ile na runinga bapa ya leo, bata hafi hata umlenge namna gani. Runinga bapa huipokea picha, huitafakari, huipamba, ndipo huionyesha, na jicho la bastola limekwisha kufumba.

Huko kutafakari ndiko adui wa mchezaji. Runinga nyingi zikiachwa zilivyotoka dukani hukawia milisekunde 50 au zaidi, na baadhi hupita 100. Katika mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde 16.7, hivyo milisekunde 100 ni picha sita nzima. Mlinda lango amekwisha kuruka na wewe bado hujaona mkwaju. Dawa imo ndani ya runinga yenyewe: karibu zote za siku hizi zina hali maalumu ya michezo, inayozima mapambo hayo na kupunguza kukawia hadi milisekunde 20 au hata chini ya 10. Nimewaona vijana wakilaumiana na kurushiana maneno makali kuhusu kidhibiti kibovu, ilhali kosa lilikuwa la mpangilio ambao hakuna aliyeugusa tangu siku runinga iliponunuliwa.

Baada ya majina, tarakimu. Runinga ya pili tuliyoonyeshwa ilikuwa na maandishi makubwa kwamba "kiwango chake cha mwendo" ni 120. Muuzaji aliapa kwamba kiwambo hujichora upya mara 120 kwa sekunde, kama PlayStation 5 inavyoweza kutuma tangu ilipotoka mwaka wa 2020. Mpwa wangu, ambaye si mjinga, alikuwa ameibeba mashine yake katika mkoba wa mgongoni. Aliomba ruhusa akaiunganisha, akafungua ukurasa wa mashine unaotoa taarifa za picha. Ulionyesha mara 60, basi. Muuzaji alinyamaza, kisha akatuuliza kama tungependa chai.

Kiwango cha mwendo ni tarakimu ya kibiashara. Huhesabu hila za kuufanya mwendo uonekane laini, mathalani kubuni picha za katikati ambazo mchezo haukuzituma, na hila hizo ndizo zile zile zinazoongeza kukawia. Tarakimu ya kuulizia ni ya kiwambo chenyewe, iandikwayo kwa alama ya Hz, tena pamoja na aina ya tundu la HDMI. Tundu la kizazi cha 2.0 huipitisha picha ya 4K mara 60 kwa sekunde. Ili ipite mara 120 bila kupunguzwa ubora, panahitajika uwezo ulioletwa na kanuni za HDMI 2.1, zilizotangazwa mwaka wa 2017. Kuna runinga zenye matundu manne ambamo ni moja au mawili tu yenye uwezo huo, kwa hiyo hata aliyelipa fedha nyingi aweza kuchomeka waya pasipofaa asijue kamwe. Aliye na PlayStation 4 asijisumbue na hayo, kwa maana michezo yake haizidi 60.

Je, OLED ndiyo bora? Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye uwezo, anayecheza peke yake usiku chumbani, naam. Pikseli zake hubadilika kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, ilhali za LCD huchukua milisekunde kadhaa, na ndiyo sababu kitu kinachokwenda kasi kwenye LCD huacha kivuli nyuma yake kama mkia. Kwa chumba cha mpwa wangu, hapana, nami nilimwambia hivyo bila kusita. Kemikali za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka. Mchezo wa soka una ubao wa magoli pale pale juu pembeni, na mtaani kwao watu hucheza soka tangu asubuhi hadi usiku, siku saba. Baada ya muda ubao ule ungebaki ukionekana kama kovu, hata wakati wa mchezo mwingine. LCD haina hatari hiyo kwa kiasi hicho, na mwanga wake mkali hustahimili mlango ulio wazi jua likiwa la saa saba.

Lakini LCD nazo si sare moja. Zipo ambazo weusi wake ni mzuri ukizitazama kutoka mbele, ila aliyekaa ukingoni mwa benchi huona rangi zimefifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Zipo nyingine ambazo weusi wake ni hafifu lakini hazimbagui mtu wa pembeni. Kasha mara nyingi halisemi ni ipi. Tulichofanya ni kusimama ubavuni mwa kila runinga dukani, huku wateja wengine wakitushangaa, hadi tukapata aina ambayo sura za wachezaji hazikupauka.

Kwa fedha ambazo zingetosha OLED moja, mpwa wangu alinunua tatu za LCD, zote za mara 60 bila majigambo. Siku ya kufungua chumba aliziweka zote katika hali ya michezo kwa mkono wake mwenyewe, kisha akazifungia rimoti kwenye mtoto wa meza.