SIMU NA NJIA ZAKE MBILI

Hapa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, lakini kila likizo twarudi kwenye simu za nyumbani, na wengi wetu twazitumia bila kujua zifanyavyo kazi. Mimi nami nilikuwa hivyo mpaka likizo ya Juni iliyopita, siku ambayo babu yangu alikaa stendi karibu saa tatu akinisubiri. Nimeona ni vema niwaeleze kisa hicho na sababu yake, ili kisimpate mwingine.

Babu alikuwa anakuja mjini kutibiwa macho. Mimi nilikuwa kwa mama mdogo, nami ndiye niliyeagizwa kumpokea saa kumi jioni. Asubuhi ile babu akapata basi la mapema. Mama, aliyekuwa kijijini, akaniletea ujumbe wa WhatsApp kwamba babu atafika saa saba, niwahi. Kisha akanipigia mara nne kwa WhatsApp hiyo hiyo, maana alikuwa na bando la intaneti lakini hakuwa na dakika za kupigia simu ya kawaida. Simu ndogo ya babu ilikuwa imekwisha chaji njiani.

Wakati huo nilikuwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, nikijisomea, na simu iko kando yangu. Haikulia hata mara moja. Nilipoitazama niliona alama ya Wi-Fi, nikatulia. Saa tisa na nusu nikaondoka kwenda stendi. Nilipofika njia panda tu, ujumbe wote ukaingia kwa mfululizo. Nikakimbia. Nilimkuta babu ameketi juu ya begi lake, amejifunika kitambaa machoni kwa ajili ya vumbi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Hiyo simu yako ni ya nini, mjukuu wangu?” Sikuwa na jibu. Shule ilipofunguliwa nikaenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia, na haya ndiyo niliyojifunza.

Yafaa tujue kwanza kwamba simu ya kisasa ina njia mbili za kufikia intaneti. Njia ya kwanza ni mnara wa kampuni ya simu, ambao mawimbi yake huweza kufika mbali kilomita kadhaa. Njia ya pili ni Wi-Fi, yaani mawimbi ya kisanduku kiitwacho ruta kilichomo nyumbani au ofisini. Mawimbi hayo hufika mita chache tu, makumi kwa kawaida, na kila ukuta huyapunguza nguvu. Simu ikiziona njia zote mbili, kwa kawaida huchagua Wi-Fi kwa kazi za intaneti, kwa kuwa data ya mnara huhesabiwa na kulipiwa katika bando la mwenye simu.

Basi, kosa la simu yangu lilikuwa wapi? Ile mistari ya Wi-Fi tuionayo juu ya kioo hupima jambo moja tu: nguvu ya mawimbi baina ya simu na ruta. Haipimi kama ruta yenyewe ina intaneti. Huenda mistari ikajaa yote, na bando la ruta limekwisha tangu jana. Kwa sababu hiyo simu nyingi za Android, zikiunganishwa na Wi-Fi, hutuma swali dogo kwa kompyuta iliyo mbali. Jibu likirudi, simu huamini kwamba intaneti ipo. Lisiporudi, huonya kwamba hakuna intaneti, na kama data ya mnara imewashwa huitumia hiyo.

Lakini Wi-Fi dhaifu si sawa na Wi-Fi iliyokufa. Siku ya pili nilifanya jaribio. Karibu na ruta, ukurasa mmoja ulifunguka mara moja. Chini ya mwembe, hatua 30 na kuta mbili kutoka kwenye ruta, ulichukua zaidi ya dakika. Nilipovuka uzio, Wi-Fi ikapotea kabisa, simu ikashika mnara, na ukurasa ukafunguka mara moja tena. Ndipo nilipofahamu kwamba mahali pabaya si pale pasipo na Wi-Fi, bali pale inapokaribia kwisha. Simu huendelea kuing’ang’ania, kwa kuwa bado yaiona.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini simu isihame upesi? Sababu ni kwamba kila njia huipa simu anwani yake. Ukitoka mnara mmoja kwenda mwingine wa kampuni ile ile, minara hupokezana mazungumzo yako kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti. Lakini kutoka Wi-Fi kwenda mnara ni kubadili anwani, na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea huweza kukatika. Wataalamu wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 2013 zilichapishwa kanuni za kupitisha mazungumzo mamoja katika njia mbili kwa pamoja, na mwaka huo huo Apple ikazitumia katika Siri. Mwaka 2015 iPhone zikapewa uwezo wa kutumia data ya mnara Wi-Fi inapokuwa mbovu.

Ama kuhusu kupigiana simu, tutofautishe mambo mawili. Simu ya kawaida hupita katika mnara, hata kama Wi-Fi imewashwa, isipokuwa pale ambapo simu na kampuni zote zina huduma ya kupiga kwa Wi-Fi. Simu ya WhatsApp ni data tu, nayo hupita katika njia ile ile iliyochaguliwa kwa intaneti. Kama mama angekuwa na dakika moja ya kawaida, simu yangu ingelia pale pale chini ya mwembe.

Kwa hiyo nawashauri ndugu zangu: ukiwa mbali na ruta na unangoja habari, zima Wi-Fi, utumie mnara. Ukirudi ndani, iwashe, la sivyo video moja itamaliza bando lako. Usiamini mistari, fungua ukurasa uone. Na jambo la haraka lipigiwe simu ya kawaida. Mimi sasa humwekea mama dakika chache kila nipatapo fedha kidogo.

Mwezi wa Novemba, mtihani ukiisha, nitakwenda kijijini kwa babu. Aliniuliza swali, nami nitampelekea jibu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne