Jiko la mkaa bandani: linda vifaranga, mlinde na anayelala nao

Mvua zikianza, swali ninaloulizwa sana hapa Igogo ni joto la vifaranga: jiko au taa? Nitalijibu, lakini naanza na mtu anayesahaulika kwenye hesabu zetu: kijana anayelala bandani kuangalia jiko.

Banda letu la kawaida mnalijua. Mbao na mabati, maranda chini, turubai pembeni kuzuia upepo wa ziwa, gunia la mkaa kwenye kona, godoro la mlezi hapo hapo. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kwa hiyo joto ni usiku kucha. Hapo kuna hatari mbili, na wengi wanadhani ni moja.

1. Moto wenyewe

Maranda makavu yanaweza kushika cheche na kufuka taratibu kabla ya kuwaka. Weka jiko juu ya matofali au mchanga, lizungushie wavu, ondoa maranda karibu yake. Taa ya joto ya wati 250 ining'inie kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda.

Kitambua moshi kinasaidia hapa. Ni kifaa kidogo cha betri, kinapiga kelele moshi ukikifikia. Usikifunge juu ya vifaranga, maana vumbi litakifanya kilie bure mpaka mtu akasirike atoe betri. Kifunge upande anakolala mtu, ukutani, sentimita 15 hadi 30 chini ya paa. Bati likipata joto, hewa ya moto hujikusanya juu kabisa na inaweza kuchelewesha moshi kukifikia. Kijaribu kila mwezi, badilisha betri kila mwaka, na baada ya miaka 10 nunua kipya.

2. Hewa ya mkaa

Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wa maana, ila unatoa kabonimonoksaidi. Haina rangi wala harufu, na ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Kitambua moshi hakiitambui kabisa! Kitakaa kimya huku mtu anapoteza fahamu usingizini. Hewa hii ina kifaa chake, kwa hiyo soma boksi kabla hujalipa.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Kwetu Kanda ya Ziwa tunakimbilia kusema malaria. Angalia hivi: akitoka nje anapata nafuu, akirudi bandani inaanza tena? Shuku hewa. Mtoe, mpeleke hospitali, na waambie kulikuwa na jiko.

Kuwasha jiko nje na kuliingiza likishakuwa jekundu kunapunguza moshi tu, hewa hiyo inaendelea kutoka. Kwa hiyo mtu asilale chumba kimoja na jiko. Acha uwazi juu ya ukuta, chini ya paa, hata usiku wa mvua. Turubai lizibe chini tu, kwenye usawa wa vifaranga.

Sasa jibu: umeme ukiwepo, tumia taa. Jiko liwe la akiba umeme ukikatika.

Kwa sisi wa mlimani

Nyumba nyingi Igogo zimekaa juu ya mawe, njia ni ngazi na vichochoro. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, piga mapema, lakini gari linaweza kuishia barabarani. Dakika za kwanza ni zenu. Wekeni ndoo za mchanga na maji mlangoni, na kama ni moto wa umeme, zimeni swichi kuu kwanza, msimwage maji.

Na jamani, msimfungie mlezi kwa kufuli la nje eti mnazuia wizi. Kuku walioibwa mtanunua wengine. Komeo liwe ndani, afungue mwenyewe.

Kwenye bajeti ya bechi ijayo, andikeni vifaa hivyo viwili kabla ya vifaranga.