Tiba Mbadala na Tiba ya Nyongeza: Tofauti Inayomgusa Mgonjwa wa Saratani

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inazitambua tiba hizo nchini Tanzania. Hata hivyo, neno "mbadala" humaanisha kitu kinachoshika nafasi ya kingine, ilhali tiba ya nyongeza hutumika sambamba na ile ya hospitali. Kwa mgonjwa wa saratani, tofauti hii ina uzito. Mkazi wa Itaka, wilayani Mbozi, anayepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri mamia ya kilomita, na dawa za mitishamba ziko karibu naye. Akizitumia badala ya upasuaji au mionzi, uvimbe huweza kuendelea kukua. Akizitumia pamoja na dawa za saratani bila kumweleza daktari, hatari huwa nyingine. Kwa mfano, vinkristini, dawa itokanayo na mmea wenye asili ya Madagaska, huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, na baadhi ya mitishamba hubadili utendaji wa vimeng'enya hivyo. Matokeo yake, dawa huweza kupungua nguvu au kuzidi hadi kudhuru. Kwa hiyo, swali la daktari kuhusu mitishamba, likiulizwa pasipo kukemea, ni sehemu ya matibabu yenyewe.