Ugeni, Cheo na Ubembelezi: Tabia za Ngege katika Tangi, kutoka Ziwa Turkana hadi Lodwar na Kakuma

Mkazi wa Lodwar au Kakuma aghalabu humjua ngege akiwa mkavu. Samaki hupasuliwa Kalokol, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha hupakiwa magarini na kufika sokoni akiwa kitoweo. Ni wachache waliopata kumwona akiwa hai kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, kwa kuwa maji ya ziwa huwa na tope na mengi hutendeka chini ya macho ya mvuvi. Tangi la kioo huondoa pazia hilo. Hata hivyo, anayetazama tangi kwa mara ya kwanza huweza kuona mengi na kuyafasiri visivyo.

Makala haya yanakusudia kueleza yanayotokea pindi ngege wasiojuana wanapotiwa katika tangi moja: namna wanavyopambana, wanavyopangana kwa cheo, na namna dume anavyomvuta jike. Suala la istilahi linaandamana na maelezo hayo. Maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, kama vile uchumba na posa, yamezaliwa katika maisha ya binadamu. Yakitumiwa pasipo hadhari humficha samaki badala ya kumwonyesha.

Anayezungumziwa hapa ni Oreochromis niloticus, ambaye waandishi wengine humwita perege na ambaye Watanzania wa Ziwa Viktoria humwita sato. Aina ndogo ya Ziwa Turkana ilipewa jina la vulcani na mtaalamu Ethelwynn Trewavas mwaka 1933. Humtambulisha kwa urahisi mistari myembamba iliyosimama wima katika pezi la mkia. Maji aliyozoea ni ya magadi, ambayo kipimo chake cha pH hukaribia 9.2. Kutoka Kalokol hadi Lodwar ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na Kakuma iko mbele zaidi kwa takriban kilomita 120. Samaki anayesafirishwa masafa hayo, katika nchi ambayo joto lake la wastani hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, hupungukiwa na oksijeni njiani, kisha humiminwa katika maji ya kisima yenye tabia nyingine kabisa. Kwa hiyo akijibanza pembeni saa za mwanzo, akakataa chakula na kupumua kwa haraka, asidhaniwe kuwa anaona haya. Mwili wake unahangaika kujirekebisha. Maji ya tangi yapaswa kuchanganywa kidogo kidogo na yale aliyokuja nayo kabla hajaachiliwa.

Mwili ukishatulia, mashindano huanza. Madume wawili husimama ubavu kwa ubavu, wakayakunjua mapezi yao yote ili kila mmoja aonekane mkubwa. Hupigana mawimbi ya maji kwa mkia. Ikiwa hakuna aliyekubali kushindwa, hushikana midomo na kusukumana. Mapambano mengi hukomea kwenye maonyesho, jambo lenye faida kwa pande zote mbili, maana jeraha dogo katika maji ya moto huoza upesi. Aliyeshindwa hukunja mapezi, rangi ya mwili wake huiva kuwa nyeusi, na hata jicho lake huingia weusi. Weusi huo wa jicho umechunguzwa na wataalamu kama alama ya unyonge: anayeuonyesha hushambuliwa kidogo kuliko asiyeuonyesha. Ni kama kusema "nimekoma" bila ulimi.

Zipo pia ishara zisizoonekana. Ndugu yake ngege, yule wa mto Zambezi aitwaye Oreochromis mossambicus, alichunguzwa nchini Ureno, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulibainisha kwamba mkojo wa dume ni ujumbe. Dume mwenye cheo huuhifadhi na kuutoa kwa vipindi, hasa anapomkabili mpinzani au anapombembeleza jike. Mtazamaji aliye nje ya kioo hupitwa na sehemu hii ya mazungumzo.

Siku chache baadaye tangi huonekana limetulia, na mwenye nalo husema kwamba samaki "wamezoeana". Neno hilo ni zuri lakini linapotosha. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja amekijua cheo chake, na anayekijua cheo chake hana haja ya kupigana kila saa. Akiongezwa samaki mpya, hesabu hufanywa upya. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika tangi methali hii hupinduka, kwa kuwa mwenyeji aliyekwisha kumiliki kona humvamia mgeni, na mara nyingi humshinda hata kama mgeni amemzidi kimo kidogo. Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu huyahamisha mawe na vyungu vya kujifichia kabla ya kumtia mgeni, ili wote wajikute ugenini. (Katika mji kama Kakuma, uliopokea wakimbizi tangu mwaka 1992, ni rahisi mwandishi kuvutwa kuligeuza tangi kuwa fumbo la wenyeji na wageni. Fumbo hilo halisimami. Samaki hawana wazee wa kusuluhisha wala baraza, na tangi halina mlango.)

Ajabu zaidi ni kwamba cheo huweza kujulikana kwa kutazama tu. Mwaka 2007 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, ambaye ni wa ukoo mmoja na ngege. Dume mtazamaji alionyeshwa wenzake wakipigana wawili wawili: wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, na kuendelea hadi wa tano. Kisha alipewa nafasi ya kuchagua kati ya wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakikabiliana. Akamwendea wa nne, yule mnyonge zaidi. Kwa samaki huyo huyo imeonekana pia kwamba dume mkuu akiondolewa, aliye chini yake hubadilika kwa dakika chache tu: rangi hung'aa, naye huanza kuwafukuza wengine na kuwabembeleza majike.

Hapa ndipo ubembelezi unapoungana na cheo. Dume wa ngege aliyeshinda huingia wekundu kichwani na mwilini. Huchimba shimo la mviringo mchangani kwa mdomo wake, akilisafisha kila mara. Jike akipita, humwendea, humwonyesha ubavu, huinamisha kichwa, kisha hurudi shimoni kana kwamba anaongoza njia. Jike asiyekuwa tayari huondoka. Akisisitizwa pasipo mahali pa kujificha, huweza kuumizwa hadi kufa. Jike aliye tayari hufuata, hutaga mayai kidogo kidogo shimoni, dume huyarutubisha, na mara moja jike huyazoa kinywani.

Je, tuite tendo hili uchumba? Uchumba una ahadi na muda, na posa ina washenga na jamaa wa pande mbili. Hapa hakuna ahadi wala mshenga. Dume yuleyule humbembeleza jike mwingine punde tu. Kutongoza kuna harufu ya hila ambayo samaki hastahili kulaumiwa kwayo. Ubembelezi ndilo neno linalofaa zaidi, kwa kuwa linataja tendo lenyewe bila kuahidi ndoa. Shimo nalo lisiitwe nyumba, maana hakuna anayelelewa ndani yake. Uwanja ni neno lililo karibu zaidi na ukweli.

Mfugaji ana la kuzingatia katika uwiano wa jinsia. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu humgawanyia dume shughuli yake, wala jike mmoja habebi mashambulizi yote. Madume wawili katika tangi dogo ni hasara inayosubiri siku yake.

Hasara nyingine hutokana na huruma. Baada ya kutaga, jike hujitenga na hugusa chakula kwa nadra sana. Taya lake la chini huvimba, na mdomo hutikisika polepole kama mtu anayetafuna bila kumeza: anayageuza mayai ili maji safi yayapitie. Asiyejua humdhania mgonjwa, akamvua kwa wavu na kumtenga, naye kwa mshtuko huyatema au kuyameza yote. Akiachwa, mayai huanguliwa baada ya siku chache, na vifaranga hubaki kinywani hadi kiini chao kinapokwisha. Baada ya siku 10 hadi 14 tangu kutaga, huwafungulia mdomo. Hutawanyika mbele yake kama moshi mwembamba; kivuli kikipita juu ya tangi, wote hukimbilia ndani tena, naye hufunga.