Tumbo Linapomtia Mtu Hofu ya Kula

Leo twataka kusema habari za mtu anayejulikana katika kila kijiji, ingawa mara nyingi hudhaniwa vibaya. Ni yule ambaye sinia likiletwa hunawa mikono pamoja na wenzake, huketi, humega tonge moja, kisha husema, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Watu hutazamana. Mmoja adhani kwamba ana kiburi. Wa pili adhani kwamba amegombana na mwenye nyumba. Wa tatu, naye ndiye mwenye madhara kuliko wote, anong'ona kwamba mtu huyo aogopa kulishwa sumu, na tangu siku ile urafiki wa nyumba mbili huharibika. Wala hakuna hata mmoja aliyekisia jambo lenyewe. Mtu huyu ana njaa, na chakula akitamani. Anachoogopa ni yale yatakayompata baada ya kula.

Tuseme kwamba ni fundi cherehani. Ilianza mwaka jana kwa maumivu ya kuchoma penye chembe cha moyo, kisha kiungulia, kisha tumbo kujaa hewa na kunguruma. Usiku mmoja, baada ya kula maharagwe, aliumwa hata alfajiri. Asubuhi akaapa kutokula maharagwe tena. Baada ya majuma machache aliumwa siku aliyokula samaki wa nazi, akaacha nazi. Kisha pilipili, kisha maziwa, kisha nyama, hata mwisho akabaki na uji mwepesi na chai ya rangi, na uji wenyewe autazama kwa mashaka. Angalieni jinsi mashitaka haya yalivyokwenda. Kila chakula kilihukumiwa siku ile ile kiliposhitakiwa, wala hakuna kilichoitwa tena barazani kujitetea. Huenda maharagwe yalikuwa na hatia. Huenda kosa lilikuwa kula usiku sana na kulala papo hapo. Huenda tumbo lingaliuma usiku ule hata kama angalikula wali mkavu. Fundi hawezi kujua, kwa kuwa hakujaribu tena. Kila anapoepuka chakula hupata raha ya siku ile, na raha hiyo ndiyo inayomfundisha kuepuka zaidi kesho.

Wako watu watakaosema, "Ajisingizia tu, mtu mzima aogopaje ugali?" Sisi hatukubali. Maumivu yake ni ya kweli, na hofu yake ilianza kwa sababu ya kweli. Mtu aliyekula samaki aliyeharibika akatapika, kisha akachukia harufu ya samaki mwezi mzima, mwili wake wafanya kazi njema ya kumlinda. Taabu ni pale hofu inapobaki ingawa samaki wa leo ni mzima.

Labda mtauliza kama hofu ya moyoni yaweza kushuka mpaka tumboni. Jambo hili limeonekana kwa macho. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac kule Marekani, kijana jina lake Alexis St. Martin alipigwa na bunduki ya marisau kwa bahati mbaya, naye alikuwa karibu sana na mdomo wa bunduki. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu bila kutumaini kwamba ataishi. Aliishi, lakini tundu la ubavuni, lililopenya mpaka ndani ya mfuko wa chakula, halikuziba. Tangu mwaka 1825 Beaumont alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavitia tunduni, kisha akavitoa tena kutazama vimesagwa kadiri gani. Aliandika kwamba wali wa kuchemshwa huchukua muda wa saa moja tu tumboni, na nyama ya nguruwe ya mafuta iliyochomwa huchukua zaidi ya saa tano. Hatuna budi kusema pia kwamba St. Martin alikuwa mtumishi wake, akimpasulia kuni, wala hakufurahia kuchunguliwa namna hii. Zaidi ya mara moja alikwenda zake kwao Kanada, na twaona alikuwa na haki. Habari hizo zilitolewa katika kitabu mwaka 1833, na ndani yake mna jambo linalotuhusu leo: mtu huyo alipoingiwa na hasira au alipofadhaika, ngozi ya ndani ya tumbo lake ilibadilika sura, na kazi ya kusaga chakula iliharibika.

Baadaye, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kijana mwingine wa Marekani, Walter Cannon, alikuwa akijifunza udaktari katika chuo cha Harvard. Alilisha paka chakula kilichochanganywa na dawa inayoonekana katika picha za eksirei, ndipo akaona tumbo likijikunja mawimbi kwa mawimbi, likisukuma chakula mbele. Lakini paka akiudhika, mawimbi yalikoma mara moja. Akipapaswa taratibu mpaka akatulia na kukoroma kwa raha, mawimbi yalianza tena.

Sisi wanadamu tu hivyo hivyo. Mshipa mkubwa wa fahamu watoka kichwani mpaka tumboni, na utumbo wenyewe una mamilioni ya chembe za fahamu. Habari hupita huku na huku mchana kutwa na usiku kucha. Basi rudini kwa fundi wetu. Aketi mbele ya sinia, moyo wamwenda mbio, kinywa kimekauka. Ameza tonge tatu kwa haraka ili watu wasimtazame. Tumbo lililofadhaika halisukumi vema, chakula chakawia, hewa yajaa, chembe cha moyo chabana. Naye asema moyoni, "Nilijua." Kumbe sehemu ya maumivu yale haikutoka katika ugali; ilikuwa imekwisha kuketi pale kabla ugali haujaletwa.

Na mtu asipokula, tumbo halipati mapumziko kama wengi wanavyodhani. Tumbo la mtu aliyekonda kwa njaa huwa zito, hukawia kujitoa chakula, hata kidogo alichokula humjaza. Akili nayo hugeuka. Mwaka 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, wanaume 36 waliojitolea walipewa chakula kisichowatosha kwa majuma 24, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu walioshikwa na njaa ya vita. Wanaume hao, waliokuwa wazima na wenye tabia njema, wakawa wenye huzuni na hasira za upesi, na mawazo yao yakawa chakula, chakula, chakula. Kwa hiyo, mama wa nyumba, mumeo akikufokea kwa jambo dogo baada ya miezi ya uji mwepesi, huenda inayosema ni njaa.

Sasa tuje kwenye matibabu. Jambo la kwanza si kujilazimisha kula. Ni kwenda hospitali. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walihukumu kama fundi wetu alivyohukumu. Walisema kwamba vidonda vya tumbo huletwa na pilipili na wasiwasi, wakawapa wagonjwa maziwa na vyakula visivyo na ladha, na vidonda vikarudi. Mwaka 1979 Robin Warren, daktari wa mji wa Perth katika Australia, aliona vijidudu katika vipande vya tumbo la wagonjwa. Mwenzake, Barry Marshall, hakusadikiwa na wengi. Basi mwaka 1984 alikunywa kikombe kilichojaa vijidudu hivyo, na siku chache baadaye akawa anatapika, tumbo lake limewaka. Vijidudu hivyo huitwa Helicobacter pylori, na wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Watu wengi sana wanavyo tumboni na hawaugui kamwe. Lakini kwa wengine hufanya kidonda. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na huuawa kwa dawa za namna mbili au zaidi zinywewazo pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayeziacha siku ya tano kwa kuwa amepata nafuu hufuga vijidudu sugu.

Yako mengine ya kutafutwa: minyoo, amiba, na vidonge vya maumivu. Watu wengi hunywa aspirini, diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo kila siku, bila kujua kwamba vidonge hivyo vyaweza kuchubua tumbo na kulitia kidonda. Mweleze daktari kila unachokunywa, hata kile ulichonunua dukani bila cheti. Maziwa nayo: watu wazima wengi katika Afrika hawana tena nguvu ya kusaga sukari ya maziwa, ingawa kati ya makabila ya wafugaji wengi wanayo. Mtu wa namna hiyo akinywa maziwa mabichi huvimbiwa na kuharisha, na huenda mtindi usimdhuru. Hilo halihitaji hofu. Lahitaji kujulikana tu.

Zipo dalili zisizongoja. Kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa. Choo cheusi kama lami. Chakula kukwama kooni. Kukonda bila kukusudia. Maumivu yanayomwamsha mtu usingizini. Na tumbo lililoanza kusumbua uzeeni kwa mtu ambaye hakuwa nalo. Mwenye kutapika damu au kuona choo cheusi apelekwe siku ile ile.

Pengine daktari atapima asione kidonda wala kijidudu. Hapo wagonjwa wengi hukata tamaa, wakidhani wameambiwa kuwa waongo. Sivyo. Kuna matumbo ambayo fahamu zake zimekuwa kali mno, hata hewa ambayo mtu mwingine asingeihisi yawauma wenye nayo. Tena kuna hofu yenyewe kuwa ugonjwa. Mwaka 2013 madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani waliandika katika kitabu chao cha magonjwa hali ya mtu anayeepuka chakula, si kwa kutaka kuwa mwembamba, bali kwa kuogopa kusongwa, kutapika au kuumwa, hata akadhoofika. Nayo yawapata watoto pia. Ninyi wanafunzi, pengine mnaye mwenzenu aliyetapika uji mbele ya darasa zima, na tangu siku ile hali chochote shuleni. Mkimcheka, mwamfungia mlango wa chakula.

Njia ya kurudi ni ya hatua ndogo. Kwanza twatoa onyo: mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula, au aliyekonda sana, asianze kwa sahani kubwa nyumbani. Chakula kingi kikiingia ghafula katika mwili uliokauka, chumvi za damu huvurugika, na moyo waweza kusimama. Huyo na arudishwe kwenye chakula chini ya macho ya daktari.

Wengine na waanze hivi. Fundi achukue daftari, aandike vyakula vyote alivyoviacha, akivipanga kuanzia kile anachokiogopa kidogo mpaka kile anachokiogopa kuliko vyote. Achukue cha kwanza, tuseme ndizi ya kupikwa, ale vijiko vitatu, mchana, si usiku, akiwa ameketi wima. Kabla ya kula avute pumzi polepole mpaka tumbo liinuke, mara kadhaa, kwa maana hiyo hupunguza mbio za moyo. Ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, asingoje njaa kali, na baada ya kula asilale kwa muda wa saa mbili au tatu. Kesho yake ale kile kile tena, na kesho kutwa, mpaka hofu ya ndizi ipungue. Ndipo apande kwenye cha pili. Zamu ya maharagwe ikifika, yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mengine mpaka yalainike kabisa, hewa itapungua.

Watu wa nyumbani wasimhesabie tonge, wala wasimbembeleze kwa machozi, wala wasimpikie chungu chake peke yake mwaka mzima. Wamwekee sahani ndogo penye mkeka ule ule, wazungumze habari za shamba na za mvua, na atakachobakiza kiondolewe bila neno. Wageni wakiuliza, mkewe aseme waziwazi, "Mume wangu ana ugonjwa wa tumbo, anatibiwa." Maneno hayo machache hufuta mnong'ono wa sumu.

Na katika daftari kila mlo uwe na mistari miwili. Wa kwanza aandike kabla ya kula: anachotazamia kitampata. Wa pili aandike saa mbili baadaye: kilichompata kweli. Daftari hilo alichukue kila aendapo hospitali, maana lamweleza daktari mengi kuliko maneno ya mtu aliyefadhaika. Siku nyingine zitakuwa mbaya, tumbo litauma kweli. Aziandike nazo, na kesho yake ale vijiko vile vile vitatu, visipungue.