Anachofunzwa Kurutu wa Polisi Kabla Hajatumwa Kituoni Kwenu

Siku ya usajili wa makurutu wa polisi, uwanja wa kaunti ndogo hujaa tangu alfajiri. Vijana hupimwa urefu, hukaguliwa meno, hukimbizwa na kukaguliwa vyeti, na jioni wachache hurudi nyumbani wakiwa na barua mkononi. Sehemu hiyo ya safari wakazi wengi wanaijua, kwa kuwa hufanyika mbele ya macho yao. Kinachofuata baada ya lori au basi kuondoka hakijulikani sana. Lakini kinamhusu kila mkazi, kwa sababu kanuni anazofunzwa kurutu darasani ndizo zinazosema anavyopaswa kukukamata, kukupekua, kukuandikia ripoti na kukuachilia.

Jambo moja liwe wazi kwanza. Serikali ya kaunti haiajiri polisi wala haiendeshi vyuo vyao. Jedwali la Nne la Katiba linaweka viwango vya usajili na mafunzo ya polisi chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo hakuna diwani, chifu wala afisa wa kaunti aliye na nafasi za kugawa. Usajili ni bure. Imewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba vijana wanafika kwenye lango la chuo na barua bandia na kuishia mikononi mwa wapelelezi, huku mzazi amekwisha kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kumlipa tapeli.

Aliyechaguliwa kihalali hupelekwa katika mojawapo ya kampasi za Chuo cha Kitaifa cha Polisi. Kampasi kuu iko Kiganjo, Kaunti ya Nyeri, kwenye baridi ya bonde lililo kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare. Embakasi, Nairobi, kuna kampasi mbili: moja ilikuwa chuo cha Polisi wa Utawala, na nyingine huwafunza askari wa kikosi cha GSU. Kwa makundi mengi ya miaka ya karibuni, mafunzo ya msingi yamechukua takriban miezi 9.

Wiki za kwanza ni za mwili. Kurutu huamka kabla ya jua, hukimbia, husafisha bweni, hupiga kwata hadi mguu wake uanguke pamoja na miguu ya wenzake wote. Huzoea kuitikia amri papo hapo bila kuuliza. Raia akiona gwaride hudhani ni mapambo ya siku ya kufuzu, kumbe ndipo kundi la watu wasiojuana, kutoka kaunti 47 na lugha nyingi za mama, hugeuzwa kuwa kikosi kimoja. Baadaye huja mafunzo ya silaha: kuitunza bunduki, kuifungua na kuifunga, kulenga shabaha. Huduma ya kwanza, kujihami bila silaha na kutuliza umati pia zimo.

Sehemu inayomgusa mwananchi zaidi ni ya darasani. Kurutu husoma Katiba, Kanuni ya Adhabu, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, sheria ya ushahidi, sheria ya trafiki na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011. Kwa kijana aliyetoka shule ya upili juzi, mzigo huo si mwepesi. Lakini ndio utakaomtofautisha na mtu yeyote mwenye kirungu.

Chukua suala la kukamata. Sheria inasema anayekamatwa asizuiwe kwa nguvu kuliko inavyohitajika ili asitoroke; mtu aliyekubali kwenda kituoni kwa miguu yake hana sababu ya kuburutwa. Mwanamke akihitaji kupekuliwa, apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaka afisa amweleze anayekamatwa, mara moja na kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili au mtu mwingine anayeweza kumsaidia, na hawezi kulazimishwa kukiri kosa. Lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Saa hizo zikiisha usiku au siku ambayo mahakama imefungwa, basi afikishwe siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Hii ndiyo sababu wanaokamatwa Ijumaa jioni mara nyingi hujikuta wakisubiri Jumatatu, jambo linalolalamikiwa sana. Tena hakuna anayepaswa kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6.

Hapa wakazi wengi huchanganya mambo. Askari wa kaunti wanaosimamia sheria ndogo za soko, maegesho au usafi si polisi, na hawakupitia Kiganjo wala Embakasi. Hata hivyo, haki za Kifungu cha 49 hazibadiliki kwa sababu ya rangi ya sare ya aliyekukamata.

Somo la matumizi ya nguvu lina uzito wake peke yake. Jedwali la Sita la Sheria ya mwaka 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Zikishindikana, nguvu anayotumia ilingane na uzito wa kosa na ukaidi anaokabiliana nao. Bunduki ni ya mwisho kabisa, hasa pale maisha yake au ya mtu mwingine yamo hatarini, na kabla ya kufyatua anapaswa kujitambulisha na kutoa onyo, isipokuwa kama kuchelewa huko kutahatarisha maisha. Mtu akijeruhiwa, afisa amtafutie matibabu mara moja na jamaa zake waarifiwe. Kifo au jeraha baya lazima liripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Jedwali hilo pia linasema kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Asubuhi uwanjani kijana anafunzwa kutii bila kusita. Darasani anaambiwa kuna amri ambayo akiitii, atajibu yeye mwenyewe. Huenda hakuna somo gumu kuliko hilo katika chuo chote, na haliwezi kupimwa kwa mtihani wa karatasi. Hupimwa barabarani, siku ya maandamano, mbele ya watu wanaorusha mawe na mkubwa anayepaza sauti.

Kisha kuna kazi isiyo na kishindo: meza ya ripoti. Kurutu hufunzwa kupokea taarifa na kuiandika katika kitabu cha matukio, ambacho wengi hukiita OB. Kila tukio hupewa nambari. Mkazi asiondoke kituoni bila nambari hiyo, kwa kuwa bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba ulifika. Kupiga ripoti hakulipiwi.

Mezani hapo ndipo pia huletwa kesi za nyumbani. Zamani mwanamke aliyepigwa angeweza kuambiwa arudi wakazungumze na mumewe. Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani haimruhusu afisa kufanya hivyo: anapaswa kumweleza mlalamishi msaada uliopo, ikiwemo matibabu na makao, na mlalamishi anaweza kuomba kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake. Kuhusu watoto, sheria ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na mtoto yeyote aliyezuiliwa asichanganywe na watu wazima katika seli.

Siku ya kufuzu huwa na bendi, wazazi waliosafiri usiku kucha na kiapo. Konstebo mpya kisha hutumwa popote nchini. Anaweza kufika katika kata ambayo hajui lugha yake, hajui njia za mkato wala mgogoro wa malisho ulioanza kabla hajazaliwa. Hayo hayafunzwi chuoni. Atayajua kupitia wazee wa mtaa, wafanyabiashara na vijana wa jukwaani, ikiwa watakubali kuzungumza naye.

Afisa akikiuka aliyofunzwa, mkazi anaweza kuanzia kwa OCS, yaani mkuu wa kituo. Akiwa na sare, afisa anapaswa kuonyesha jina au nambari yake ya huduma, kwa hiyo iandike, pamoja na saa na mahali. Malalamishi yanaweza pia kupelekwa kwa kitengo cha masuala ya ndani cha polisi au kwa IPOA, ambayo nambari yake ya simu isiyolipishwa ni 1559. Kwa dharura, piga 999 au 112.

Kaunti yenyewe ina nafasi moja iliyotajwa na sheria: Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mjumbe wa kamati kuu aliyemteua. Ndani yake huketi wakuu wa polisi wa kaunti pamoja na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye mahitaji maalum na mashirika ya kidini. Haiwezi kumwamuru konstebo wala kusikiliza kesi ya mtu mmoja. Inachoweza ni kupendekeza vipaumbele vya usalama, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuendeleza ushirikiano wa polisi na jamii. Wizi wa mifugo unaorudia msimu hadi msimu, kituo kilicho mbali na soko, au kata ambayo wakazi wake wameacha kupiga ripoti kwa kukata tamaa, ni mambo ya kupelekwa huko.